Mzamiaji

Miaka kumi na mmoja najaza mitungi Kunduchi,
nyuma ya kibanda cha mabati,
kompresa ikinguruma mpaka meno yanacheza.
Mshale ukigonga mia mbili nafunga,
naandika namba kwa chaki, navuta mwingine.
Hewa yangu imeshuka na Waitaliano,
imeshuka na maharusi wa Mbezi
waliobusiana kioo kwa kioo.
Mimi nimeishia magotini.

Mwaka huu likizo ilipoiva
sikupanda basi la Kilosa.
Nilimwambia bosi: nipeleke Fungu Mbali.
Sikudhani, mke wangu, akaacha kumenya vitunguu:
"Likizo ya mtu wa mitungi ni mtungi?"
Kisha akacheka peke yake. "Haya, mzamiaji."

Neno hilo kwetu halichezewi.
Kaka yangu Mbaruku alizamia meli ya saruji
mwaka ule wa mvua zisizokatika.
Ikaja kadi moja, ya Durban, yenye picha ya farasi.
Mama akiulizwa husema: yuko kazini.

Saa mbili na nusu za boti.
Jiji lilizama kabla yetu:
kwanza ufukwe, kisha mapaa ya hoteli,
mwisho maghorofa ya Posta, kichwa kimoja kimoja.
Bwire, daktari wa meno wa Musoma,
alitapika chai yake yote ya tangawizi
akamwomba radhi kila mtu, hadi nahodha.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo uyaoge.
Sisi tuliyavalia:
mpira mweusi unaobana kama deni,
risasi kilo sita kiunoni,
na mgongoni mtungi namba saba,
chaki yangu, saba yenye mkia.
Farijala akageuza kidole gumba chini.

Nilivuta.
Hewa ile niliijua. Niliijaza Alhamisi,
Bi Kuruthumu akikaanga vitumbua nyuma ya ukuta,
mtu akichoma takataka.
Chujio huondoa mafuta, unyevu, harufu,
ndivyo kitabu cha mashine kisemavyo.
Lakini mita kumi na nane chini ya bahari
nilisikia iliki.

Wageni hurudi wakisema wameona bustani.
Mimi niliona mtaa,
nyumba juu ya nyumba, hapajapimwa,
na chewa mnene kakaa mlangoni
kama mwenye nyumba siku ya kodi.
Pono, yule tunayemsingizia usingizi, alikuwa macho,
anatafuna matumbawe, kwa, kwa, kwa,
sauti ya mtu anayekula mifupa usiku
akidhani wengine wamelala.
Ukingoni palikuwa na shimo jeupe, vifusi vitupu.
Farijala alifumba ngumi, akaifumbua ghafla.
Baruti. Hata dagaa hawakukatiza pale.

Nikainua uso.
Tumbo la boti lilikuwa dogo juu, jeusi,
kandambili iliyosahaulika kwenye mwanga.
Mbaruku aliijua meli kwa ndani ya tumbo,
kati ya mifuko, akivuta vumbi, akihesabu siku kwa njaa.
Mimi nilikuwa nje, chini,
napumua hewa ya uani kwetu.
Yeye nani alimjazia?

Mshale ulisema mia na kumi. Tisini.
Kila namba naijua ni dakika ngapi za dizeli,
na bado nilipumua kama mwizi, harakaharaka,
nikitazama viputo vyangu vikipanda kwenda kwao.
Hamsini. Gumba juu.

Jioni nilipita kwa mama, chumvi bado masikioni.
Nikasema, bila kupanga kusema:
Mama, leo nimezamia.
Aliendelea kuchambua mchele.
Akatoa jiwe, akalitazama, akalitupa.
"Na huko chini," akauliza, "kuna baridi?"

Kidogo, nikamwambia.
Akasogeza ungo, nikae.